C ya Tatu, H ya Nne

"Kateni hilo kufuli, jamani. Mnalilea la nini?"

Aliyesema hivyo alikuwa Baba Pacha, mkwe wa mwenye nyumba, amesimama mlangoni mwa chumba cha mgonjwa na mikono ameikunja kifuani. Inspekta alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la dawa, mama wa makamo aliyejaa mwili, na magoti yalikuwa yanamuuma vibaya. Ila kuinuka kwa kujishika kiuno mbele ya yule bwana, hapana, hilo hakuwa tayari kulifanya.

Kabati lenyewe lilikuwa la chuma, dogo, limepigiliwa ukutani kando ya kitanda. Kufuli lake la shaba halikuwa na tundu la ufunguo. Lilikuwa na vigurudumu vitano, na kila kigurudumu kilichorwa herufi zote, A mpaka Z. Ukipanga neno lenyewe, linafunguka. Ukikosea hata herufi moja, utalivuta mpaka bega likuume.

"Ticha alikuwa na vituko, haki ya nani," Baba Pacha aliendelea, maana alikuwa mtu asiyeweza kukaa kimya. "Kabati la dawa, analifunga kama ana dhahabu humo! Nilimwambia, Ticha, ipo siku utasahau neno na dawa ziko mbele ya macho yako. Akanitukana kwa Kiingereza. Ticha ni Ticha tu."

"Mama alikuwa anawaogopea watoto," alisema mkewe, Mama Pacha, kutoka kwenye kiti cha dirishani. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. "Wale pacha wanachokonoa kila kitu."

Mama yake huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alifundisha Kiingereza maisha yake yote, na hata baada ya kustaafu aliendelea kumsahihisha yeyote aliyepita mbele yake. Alikuwa na kisukari. Juzi asubuhi alikutwa kitandani hapa hapa, anatoka jasho jembamba, hajitambui. Daktari alisema amechomwa insulini nyingi kupita kiasi. Sasa yuko hospitalini, anapumua, lakini hasemi.

Neno la kufuli, familia ilisema, lilijulikana na watu wawili tu. Mmoja ni huyo asiyesema. Wa pili ni Dada, msichana aliyekuwa akimtunza na kumchoma sindano kila siku. Basi Dada alikuwa mahabusu, na mchana huu huu angepelekwa mahakamani kwa jaribio la kuua. Hati ya mashtaka ilikuwa tayari. Kilichobaki ni Inspekta kusema ndiyo, na Inspekta alikuwa hajasema.

Kilichomzuia kilikuwa sukari. Dada alieleza kwamba alimkuta Mwalimu katika hali ile akiwa ametoka kufua na kuanika nguo uani. Akakimbilia kabatini kuchukua glukosi. Akapanga neno. Kufuli likakataa. Akapanga tena, likakataa tena. Nyumba ya mgonjwa wa kisukari haiwekwi sukari, kwa hiyo alichomoka mbio hadi kwa jirani, na jirani alikuwa bado anaisimulia habari ile kwa mikono miwili: "Alikuja peku, afande, anapiga kelele, sukari, jamani, sukari! Nikadhani kichwa kimemruka." Akarudi na kikombe, akampaka Mwalimu fizi zote mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Daktari alisema wazi kwamba bila sukari ile leo wangekuwa wanazungumzia maziko.

"Mtu anataka kuua, halafu anakimbia peku kuomba dawa ya kuokoa?" Inspekta alimuuliza mkuu wake wa kituo.

"Wapo wanaojuta katikati," mkuu alijibu, akarudi kwenye chai yake.

Ndiyo maana Inspekta alikuwa hapa na magoti yake, pamoja na fundi wa makufuli na koplo wake. Kama Dada alisema kweli, kuna mtu alibadilisha neno. Na kama neno lilibadilishwa, Inspekta alitaka kulijua kabla chuma hakijakatwa. Akilikata, atabaki na kipande cha shaba kisichosema kitu, na chochote kitakachokutwa ndani kitaitwa cha Dada.

"Fundi, mtu akitaka kubadilisha neno, anafanyaje?"

Fundi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuinua macho. "Lazima kwanza alifungue kwa neno la zamani, mama. Akishalifungua, anageuza hii shingo nusu, anapanga neno lake jipya, anairudisha shingo. Basi. Kufumba na kufumbua."

"Kwa hiyo aliyelibadilisha alilijua la zamani."

"Asingelijua angelibadilisha vipi?"

Inspekta alimgeukia Mama Pacha. "Neno la wiki hii Dada ameniambia ni LIGHT. Anasema mama yako alikuwa anamfundisha. Kila wiki anampa idadi ya herufi na baadhi ya herufi zenyewe, na Dada akilipata neno, ndilo linalofunga kabati. Ni kweli?"

Mama Pacha alitabasamu kidogo, machozi yakiwa bado yapo. "Kweli. Tulikuwa mezani Jumapili. Mama akasema, herufi tano, zimo G, H na T, haraka! Dada akaanza, night, right, fight, sight. Mama anatikisa kichwa tu. Alipofika light akampigia makofi. Alifurahi kama kajifungua."

"Mlikuwa mezani nani na nani?"

"Mimi, mume wangu na watoto."

"Kumbe mliolisikia neno si wawili."

Baba Pacha alicheka kwa pua. "Afande, mimi nilikuwa nakula. Ticha na michezo yake ya herufi, nani ana muda wa kusikiliza? Kateni hilo kufuli, nawaambieni, mtakuta uchafu wote wa yule msichana humo ndani."

Inspekta aliliweka neno hilo akilini, akarudi kwa fundi. Jambo jingine alilokuwa ameliweka akilini tangu jana alilipata kwa jirani. Mwezi uliopita Baba Pacha alileta watu wawili wakakipima kiwanja cha nyumba hii kwa kamba, na Mwalimu akawafukuza na ufagio. Lakini kuitamani nyumba ya mama mkwe si kosa la jinai. Nusu ya wakwe wangekuwa jela.

Fundi alilivuta kufuli kwa kidole kimoja huku akizungusha kigurudumu cha tatu polepole, sikio amelisogeza. Akarudia. Akafanya hivyo kwa cha nne. Cha kwanza, cha pili na cha mwisho alivizungusha mpaka akachoka, akatikisa kichwa.

"Hivi vitatu vimelegea, havisemi kitu. Lakini viwili vinashika. Hiki cha tatu kinashika kwenye C. Hiki cha nne kinashika kwenye H. Kwa hizo naapa."

"C ya tatu, H ya nne," Inspekta alisema kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Herufi tano. Koplo!"

Koplo wake alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, na kituoni walimwita Kamusi kwa sababu moja tu. Alikuwa na mchezo wa maneno kwenye simu, na alipokuwa zamu hakuna aliyemwona akiuacha. Leo aliona siku yake imefika. Alitoa simu kwa heshima, akapangusa kioo kwenye shati.

"Hii programu, afande, ni moto. Unaiambia neno lina herufi ngapi, unaijazia zile unazozijua mahali pake, inakutapikia maneno yote ya Kiingereza yanayokubali." Akabonyeza kwa kidole kinene. "Nafasi, nafasi, C, H, nafasi. Haya! NICHE."

Fundi alipanga. Kufuli likakataa.

"Maana yake nini hilo?" Inspekta aliuliza.

"Afande, programu inatoa neno, haitoi maana. CACHE."

Likakataa.

"MACHO."

"Macho? Hilo si la kwetu?"

"Wanalo na wao, afande. Sijui wanalionea nini."

Hata Mama Pacha alicheka, akajifuta pua. Kufuli halikucheka. Lilikataa MACHO, likakataa MOCHA, likakataa DUCHY. Lilikataa ITCHY, ambalo Koplo alisema analijua kabisa, ni la mtu anayewashwa. Lilikataa TECHY. Kila likikataa, fundi alirudisha vigurudumu, akavuta pumzi, akasubiri. Orodha ikaishia kwenye maneno ambayo hata mwenye lugha yake angeyakana. Nayo yakakataliwa.

"Labda mmekosea hizo herufi," Baba Pacha alisema. Alikuwa ametoka mlangoni, amesogea hadi nyuma ya kiti cha mkewe. "Mwalimu alikuwa anajua Kiingereza kizito. Neno la Mwalimu halitapatikana kwenye simu ya Koplo."

Koplo alinuna. Inspekta naye aliinua kichwa. Kuna kitu kilikuwa kimempita sikioni, hakijakaa sawa, na hakujua ni nini. Akabaki akimtazama yule bwana.

Simu yake ililia. Ilikuwa ya mkuu.

"Gari la mahabusu linaondoka sasa hivi, na wewe bado unacheza herufi na Kamusi?" Sauti yake ilisikika mpaka dirishani. "Kata hilo kufuli, angalia kilichomo, nipigie. Ukikuta kitu, msichana anapanda gari. Nimemaliza."

"Nipe nafasi kidogo, mkuu."

"Ya nini?"

"Ya neno moja."

"Huna," alisema mkuu, akakata.

Fundi alikuwa ameshainua mkasi wake wa kukatia vyuma. Alimtazama Inspekta, na Inspekta akaona kwamba kila mtu chumbani alikuwa anamtazama yeye. Akawaza juu ya yule msichana, jinsi alivyokaa jana kwenye benchi la mahabusu na kumuuliza swali moja tu. Hakuuliza atatoka lini. Aliuliza kama Mwalimu amekula. Hapana. Hawezi kumpandisha mtu wa namna hiyo kwenye gari la mahabusu kwa sababu ya kuchoka kwake yeye.

"Subiri, fundi." Akainuka, kwa kujishika kiuno, na hakujali tena nani anamwona. "Baba Pacha, mara ya mwisho kumwona mama mkwe wako akiwa mzima ni lini?"

"Si nimeshaeleza kituoni? Juzi asubuhi. Nilipita kusalimia."

"Nieleze na mimi hapa."

"Niliingia, Mwalimu amekaa pale kitandani anakunywa chai. Yule msichana yuko uani. Nikamwambia, Mwalimu, shikamoo. Akaitikia. Nikamuuliza hali, akasema nzuri. Nikamuaga Mwalimu, nikaenda zangu kazini. Mimi sikukaa."

Safari hii kilichompita Inspekta sikioni alikidaka.

Mara tatu. Mwalimu, Mwalimu, Mwalimu. Na kabla ya hapo, lile neno la Mwalimu lisilopatikana kwenye simu. Lakini asubuhi, aliposimama pale mlangoni, alisema nini yule bwana? Ticha alikuwa na vituko. Ticha ni Ticha tu. Na kituoni jana, kwenye maelezo yake yote, mpaka karani akauliza kama neno hilo aliandike hivyo hivyo. Mdomo wake haukuwa na jina jingine. Umeachia wapi? Umeachia pale pale fundi aliposema C na H.

Inspekta hakuonyesha kitu usoni. Alimgeukia mkewe kwa upole.

"Mama Pacha, samahani kwa swali la kipuuzi. Mumeo humwita mama yako nani?"

"Ticha," alijibu Mama Pacha, bila kufikiri. "Tangu siku ya kwanza nilipomleta nyumbani. Mama hachoki kumgombeza. Anamwambia, mimi ni Mwalimu, na ukitaka kuniita kwa Kiingereza, basi kiseme Kiingereza mpaka mwisho. Na yeye hachoki kumtania. Hajawahi kumwita..."

Taratibu alimgeukia mumewe aliyekuwa nyuma ya kiti chake.

Inspekta alinyoosha mkono wa kushoto, akahesabu kwa vidole, kidole gumba kwanza. T. I. C. H. A. Vidole vikaisha na neno likaisha.

"Fundi, weka huo mkasi chini."

"Afande," Koplo alinong'ona, macho kwenye simu, "hilo halimo. Nimeliandika, linasema hakuna neno kama hilo."

"Halimo kwenye Kiingereza, Koplo. Sisi ndio tuliosema ni Kiingereza. Mwalimu anapenda Kiingereza, basi tukajifungia humo humo asubuhi nzima. Aliyefunga kufuli hakutaka glukosi ifikiwe, na alikuwa na haraka, akihofia mtu kurudi kutoka uani, akashika neno lililokuwa ulimini."

Alipiga magoti tena, na safari hii hakuyasikia. Alipanga mwenyewe, akivaa glavu, herufi kwa herufi. Kigurudumu cha kwanza, T. Cha pili, I. Vya katikati viliketi vyenyewe. Cha mwisho, A. Akavuta.

Tak.

Fundi alivua miwani akaivaa tena. Ndani ya kabati, mbele ya boksi la glukosi ambalo halikuguswa, kulikuwa na chupa tatu tupu za insulini, sindano moja, na glavu mbili za mpira zilizovuliwa kwa haraka, zimegeuka ndani nje.

Baba Pacha alidakia. "Si niliwaambia? Glavu zake hizo! Yule msichana huvaa glavu za namna hiyo kila siku!"

"Ulituambia, ndiyo," Inspekta alisema. "Ulituambia tutakuta uchafu wake humu, kabla hatujafungua. Na ulitusukuma tukate, tukate, tukute. Nilikuwa najiuliza kwa nini wewe tu ndiye unayejua kuna cha kukuta." Akaziinua glavu kwa koleo, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, polepole, ili yule bwana azione vizuri. "Unajua ubaya wa glavu? Kwa nje zinaficha alama za vidole. Kwa ndani zinazihifadhi. Na hizi umetuachia kwa ndani."

Ilikuwa ajabu. Mtu mwenye maneno mengi namna ile, akaitazama mikono yake kana kwamba ameiazima kwa mtu.

"Neno hilo anaweza kulijua yeyote," alisema mwishowe. "Mtaa mzima una maticha. Hata Mwalimu mwenyewe angeweza..."

"Umemwita Mwalimu."

Aliyesema hivyo hakuwa Inspekta. Mama Pacha alikuwa amesimama, na kiti kilikuwa kati yake na mumewe. Hakupaza sauti. Maneno yalitoka yamenyooka.

"Miaka yote hiyo alikuomba. Siku ya harusi yetu alikuomba, mbele ya watu. Ulikataa, ukasema kwako atabaki Ticha mpaka kaburini. Leo ndiyo unamwita Mwalimu?"

Akanyoosha mkono, akamzaba kofi moja tu, kisha akakaa chini na kujifunika uso. Koplo alizuga anatafuta pingu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili kumpa mama wa watu nafasi ya kulia, kisha akamshika Baba Pacha kiwiko. Yule bwana alipopita karibu na kabati aliangalia upande wa pili.

Inspekta alipiga simu.

"Mkuu, gari limeshaondoka?"

"Linawasha. Umekata?"

"Sijakata. Nimefungua. Mshushe yule msichana."

Upande wa pili kulikuwa na kelele ya injini na watu, halafu mkuu akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Neno lilikuwa nini?"

"Nitakuletea kwa maandishi, ujaribu kwanza na Kamusi."

Alikata simu, akasimama kidogo peke yake katika chumba kile. Sasa ndipo alipoziona vizuri. Zilikuwa pale karibu na kizingiti tangu juzi, na polisi wote walikuwa wameziruka kuingia na kutoka, yeye mwenyewe akiwamo. Ndala mbili za bluu, moja imepinduka, jinsi zinavyobaki pale mtu anapozivua mbio kwa sababu zinamchelewesha.

Inspekta aliinama akaziokota, akazipangusa vumbi kwa kiganja, akatoka nazo.